Kila Desemba, Ufuo Ule Ule

Kurudi likizo mahali pale pale mwaka baada ya mwaka ni desturi ya familia nyingi za bara nchini Kenya, ambazo shule zikifungwa hushuka Mombasa. Hazizunguki pwani nzima. Familia iliyozoea Bamburi hurudi Bamburi, ya Diani hurudi Diani, na iliyoanzia Watamu haitaki kusikia habari za Nyali. Aghalabu hoteli ni ile ile au nyumba ya kupanga ni ile ile, na wapo wanaoomba hata chumba kile kile. Asiyeijua desturi hii huiona kama uvivu. Pwani ya Kenya, kutoka Vanga mpakani mwa Tanzania hadi Kiunga mpakani mwa Somalia, ina urefu unaopita kilomita 500. Kwa nini mtu alipe pesa zake kwenda kuitazama minazi aliyokwisha kuitazama mwaka jana? Sababu ni kwamba anayerudi hanunui anachonunua mgeni wa mara ya kwanza. Mgeni hununua mambo mapya. Anayerudi hununua uhakika.

Wataalamu wa utalii waliligusa swali hili zamani. Mwaka 1984 watafiti Richard Gitelson na John Crompton walichapisha makala kuhusu watu wanaorudia likizo mahali pamoja, wakataja sababu tano: kukwepa hatari ya kuharibikiwa na likizo, kukuta watu wa aina ile ile, mapenzi ya mahali penyewe, kuona yale ambayo hayakuonekana safari iliyopita, na kuwapeleka wengine wakajionee. Zote zinajitokeza katika safari za Desemba, lakini kwa familia ya mshahara wa kawaida sababu ya kwanza huzipita nyingine kwa mbali. Pesa za likizo hujikusanya kidogo kidogo mwaka mzima, na mbele ya likizo hiyo inangoja Januari na karo zake, sare na vitabu. Wiki ikiharibika hakuna nyingine ya kuifidia.

Na kuharibika ni rahisi. Mitandao imejaa picha za nyumba za kupanga zenye bwawa la kuogelea na bustani, nyingine zikiwa zimechukuliwa kutoka matangazo ya watu wengine kabisa. Malipo ya awali hutumwa kwa M-Pesa, na familia ikifika na mizigo na watoto hukuta nyumba haipo, au ipo lakini mwenyewe hana habari. Hata pasipo utapeli, tangazo likisema nyumba iko ng'ambo tu ya barabara kutoka baharini, halisemi kwamba njia ya kufikia maji imezibwa na ukuta wa jirani. Anayerudi hayumo katika kamari hiyo. Anajua bomba lipi halitoi maji ya kutosha, anajua jenereta inanguruma upande upi, na anajua jina la mtu wa kumpigia simu.

Faida nyingine huanza kabla ya safari. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Waholanzi zaidi ya 1,500, wakagundua kwamba wanaotarajia likizo huwa na furaha zaidi ya wasiokwenda popote, ilhali wakisharudi nyumbani, wengi wao hawatofautiani tena na wale waliobaki. Ikiwa sehemu kubwa ya raha imo katika kungoja, basi mtoto anayejua anachokingoja ana cha kungoja kikubwa zaidi. Watoto wa familia hizi huanza Oktoba kuuliza kama yule paka wa jikoni bado yupo.

Njia yenyewe ni sehemu ya desturi. Kwa barabara, Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na kila familia ina vituo vyake visivyobadilika. Wengi husimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga ambapo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila malipo na kuacha sadaka akipenda. Mtito Andei ni katikati ya safari, mahali pa kunyoosha miguu na kununua soda. Madereva wengi hupunguza mwendo Mackinnon Road kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, wengine wakateremka kuomba dua. Kisha huja foleni ya malori kuanzia Mariakani, na hapo ndipo watoto huanza kunusa bahari wasiyoiona.

Waliozaliwa kabla ya miaka ya 2000 wanaikumbuka treni ya usiku iliyotoka Nairobi jioni na kufika Mombasa asubuhi ikijaaliwa, au mchana isipojaaliwa. Ilisitishwa mwaka 2017, mwaka ule ule ambao Madaraka Express ilizinduliwa, tarehe 31 Mei, na safari ikawa ya saa tano au sita hivi hadi Miritini. Treni hii mpya imefanya jambo moja kubwa kwa likizo za kurudia: bibi na babu, ambao basi la usiku liliwashinda, wamerudi kwenye msafara. Tiketi za Desemba, hata hivyo, huisha mapema, na anayezikumbuka wiki ya Krismasi huishia barabarani. Kwa waendao kusini ilibaki Likoni na feri yake, ambapo waenda kwa miguu huvuka bure na magari hupanga foleni juani. Barabara ya Dongo Kundu sasa inawapa wenye magari njia ya kuingia Kwale bila kugusa feri, na Diani, iliyo kilomita 30 hivi kusini mwa mji, imesogea karibu zaidi.

Jambo ambalo mgeni hulijua siku ya mwisho, na anayerudi hulijua kabla hajatoka nyumbani, ni maji. Kwenye pwani hii bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapopevuka huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti ikipita mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki sana. Mombasa na jirani zake, siku za bamvua maji hutoka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi alasiri. Mgeni aliyelipia chumba cha kutazama bahari huamka, akanywa chai, akatoka na taulo begani na kukuta matope, mawe na mwani hadi kwenye mwamba. Hulalamika mapokezi kana kwamba hoteli ndiyo iliyoyafungulia maji. Anayerudi saa ile amekwisha kuwavisha watoto viatu na kuwapeleka kutazama kaa, viti vya pweza na vidimbwi vyenye samaki wa rangi, akijua wataogelea alasiri. Wazazi makini hutazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Watoto wadogo hufaidi maji mafu, kwa kuwa kina hakibadiliki ghafla; wanaopenda kutembea mwambani huchagua bamvua.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, huleta joto na bahari tulivu yenye maji maangavu, na ndiyo sababu hasa, mbali na shule kufungwa, Desemba ikawa Desemba. Masika humwaga mvua Aprili na Mei, na kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, wakati ambao hata wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba. Familia zisizofungwa na shule hupenda Julai na Agosti kwa ubaridi wake. Likizo ya Aprili ina bei nafuu kuliko zote, na hao wanaoizoea husema mvua za pwani hunyesha kwa vishindo asubuhi na kumwachia mtu mchana wake. Husema hivyo hata mwaka ambao haikuacha.

Kuna aina mbili za kurudi: ya hotelini na ya nyumba ya kupanga, ambayo wengi huiita kotej. Hoteli hununuliwa kwa kifurushi, kulala na kiamsha kinywa, au nusu ya milo, au milo yote, na raha yake ni kwamba mama wa nyumba hashiki sufuria. Lakini desturi ya kurudi hukomaa zaidi kwenye kotej, hasa Tiwi, Diani, Kikambala na Watamu, ambako nyumba hupangishwa pamoja na mpishi na mlinzi wake. Asubuhi mvuvi au mchuuzi hufika mlangoni kwa baiskeli, kapu limefunikwa majani au gunia bichi, mizani ya kuning'iniza mkononi. Hufunua: changu, tafi, kolekole mmoja mkubwa, pweza wawili, na siku nyingine kamba. Mgeni huuliza bei ya samaki mzima. Anayerudi huuliza bei ya kilo, hufunua matamvua atazame wekundu wake, hukumbusha bei ya mwaka jana, na kabla ya mizani kutulia wamekwisha kuulizana habari za watoto. Mpishi husimama kando bila neno, akisubiri kuambiwa ni wa kupaka au wa kukaanga. Mchana huwa wali wa nazi. Asubuhi inayofuata mahamri na mbaazi kutoka kwa mama wa jirani, ambaye naye hajui idadi ya wageni bali anajua idadi ya mahamri.

Uhusiano huu una mizigo yake, kwa maana halisi. Familia za Nyandarua na Nakuru hushuka na viazi, kabichi na karoti kwenye buti. Hupanda na madafu, nazi, achari ya embe, mabuyu na halwa. Nguo zilizowabana watoto wa bara huvaliwa na watoto wa mpishi. Mpishi akifiwa, mchango hutumwa kwa simu bila kusubiri Desemba. Isifanywe kuwa udugu, kwa sababu upande mmoja unalipa na mwingine unalipwa, na ujira wa wapishi wa kotej mara nyingi ni mdogo kuliko sifa wanazomiminiwa mezani. Ila ni ujuano wa kweli, na huleta manufaa pande zote. Hata mabichi boi, wanaomsumbua mgeni kwa safari za mashua, vinyago na ngamia, humwacha anayerudi apite na salamu tu, wakijua kwamba akitaka mashua atamwita Ali wake au Karisa wake.

Desturi hii si ya Kenya peke yake wala si ya leo. Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha Uingereza, kwenye mji wa Blackpool, pwani ya Lancashire. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846, na kufikia mwisho wa karne hiyo viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa vikifungwa wiki nzima kwa zamu, mji mmoja baada ya mwingine, ili mashine zitengenezwe. Wafanyakazi, ambao kwa muda mrefu hawakulipwa mshahara kwa wiki hiyo, walikuwa wakiweka akiba katika vyama vyao mwaka mzima, kisha mtaa mzima ukahamia ufuoni. Walifikia nyumba za mama wapangishaji, mwaka hadi mwaka nyumba ile ile, na wengi waliweka nafasi ya mwaka unaofuata siku ya kuondoka. Jirani wa nyumbani alikuwa ndiye jirani wa mchangani. Sheria ya likizo yenye malipo ya mwaka 1938 iliwaongezea nafasi, na kilichokuja kuivunja desturi ile ni safari za ndege za bei nafuu kwenda Hispania kuanzia miaka ya 1960, ambako jua halikuwa la kubahatisha. Pwani ya Kenya haina hofu ya jua. Hofu zake ni nyingine.

Wa kwanza kushuka hapa kwa likizo kutoka bara walikuwa walowezi wa Kizungu, walioanza kuifanya Malindi kuwa mji wa mapumziko katika miaka ya 1930. Baada ya uhuru hoteli kubwa zilijengwa kwa ajili ya watalii wa ndege za kukodi kutoka Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia, na Mkenya wa kawaida alihesabiwa kuwa mgeni wa msimu mbaya. Hesabu hiyo iligeuzwa na misukosuko. Ghasia za Likoni za Agosti 1997, shambulio la Kikambala la Novemba 2002, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, na Mei 2014, ambapo kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wateja wao Mombasa baada ya serikali yao kutoa onyo: kila mara ndege zilipoacha kuja, vitanda vilibaki vitupu na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Waliotangulia kurudi kila mara walikuwa watu wa Nairobi, Nakuru, Eldoret na hata Kampala, ambao hawakuhitaji onyo la balozi yeyote kujua hali ya mahali walipopazoea. Baada ya Korona, ilikuwa vivyo hivyo. Leo hoteli nyingi zina bei ya wakaazi, na meneja mwenye busara anamjua kwa jina mzee anayekuja na wajukuu kumi na moja, kwa maana kumpata mteja mpya hugharimu matangazo, na huyu hutangaza mwenyewe bila malipo.

Anayerudi mara nyingi huwa pia shahidi wa mabadiliko, hata asipokusudia. Waliokuwa wakipanda mashua za sakafu ya kioo katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, waliyaona matumbawe kabla na baada ya 1998, mwaka ambao bahari ilipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya pwani hii yakafa. Waliozoea Bamburi walitazama miti na wanyama wakirudi katika machimbo ya saruji ambayo Rene Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, na ambayo sasa ni Haller Park. Huko ndiko alikopelekwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajiambatanisha na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee. Mgeni wa siku moja alipiga picha na kuondoka. Watoto waliorudi kila mwaka walimwona Owen akinenepa hadi ikawa lazima atenganishwe na kobe wake. Diani, wameona kamba zikitundikwa juu ya barabara na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Na wote wameona tofauti tangu Juni 2020, serikali ilipopiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika fuo na hifadhi, ingawa vifuniko vya chupa bado vinaokotwa mchangani.

Mabadiliko mengine hayafurahishi. Hoteli za zamani zimefungwa na kubaki magofu yenye mabwawa makavu. Vijia vya umma vya kwenda baharini vimemezwa na kuta za wenye viwanja, mpaka wenyeji na wapangaji wa kotej za nyuma wanazunguka mbali kutafuta pa kupita. Katiba ya mwaka 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Hakuna hoteli yenye haki ya kumfukuza mtu hapo. Haki ya kukaa mchangani bila njia ya kufika mchangani, hata hivyo, haimsaidii mtu, na familia zinazorudi zingefanya vyema kushirikiana na wanakijiji kudai njia hizo, kwani wao ndio wanaokumbuka zilipopita.

Desturi hubadilika pia kutoka ndani. Mtoto wa miaka saba haoni kasoro kurudi palepale. Wa miaka kumi na sita anaona aibu kujenga ngome ya mchanga na anauliza intaneti ni ya kasi gani. Ndugu wakishaoa na kuolewa, swali la nani alipe kiasi gani huleta ubaridi ambao bahari haiutibu. Ukarimu wa mkubwa aliyezoea kulipia wote huisha siku atakapostaafu, na wengi hugundua hapo kwamba hawakuwa na desturi bali walikuwa na mfadhili. Familia zinazodumu huigawa gharama mapema, kwa chama cha akiba cha kila mwezi, na huruhusu mabadiliko madogo: mwaka huu siku mbili za Wasini na Kisite, mwaka ujao matembezi ya Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Kitanda kinabaki kile kile, mchana unabadilika.

Kwa anayetaka kuanza, Desemba ndiyo mwezi mbaya wa kujaribia. Bei huwa juu kabisa, wapishi wazuri wamekwisha kuchukuliwa, na nyumba huonekana katika hali isiyo yake. Ni bora kwenda kwanza mwezi mtulivu kama Juni, kwa siku tatu nne, kufungua kila bomba, kutembea kwa miguu kutoka kitandani hadi majini saa za maji kupwa na saa za kujaa, na kuzungumza na mlinzi kuliko na wakala. Ukiridhika, weka nafasi ya Desemba hapo hapo na mwenye nyumba mwenyewe, upewe risiti, kwa sababu waliokutangulia watakuwa wamekwisha kuiomba tangu Januari, siku waliyorudisha funguo.